Sikio la Kuazima: Kiziwi na Mbwa Wake katika Pwani ya Mtwara

Maisha ya pwani yetu yametawaliwa na sauti kuliko tunavyodhani. Mgeni afikaye nyumbani kwa mtu huko Mikindani au Msimbati habonyezi kengele. Husimama nje akaita hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu huenda zake. Alfajiri huingia kwa adhana. Msiba hujulikana kwa kilio, na moto uliolishika paa la makuti hujulikana kwa yowe. Hata pikipiki ipitayo kwa kasi katika vichochoro vya Shangani hujitangaza kwa honi, na mwendeshaji huchukulia kwamba kila aliye mbele yake ameisikia. Sasa na tumfikirie mtu ambaye katika hayo yote hakuna hata moja linalomfikia. Mtu huyo si mgonjwa, wala akili yake haina upungufu wowote; ila habari ambazo jirani yake huzipata bila jasho, yeye hana budi azitafute kwa macho, siku nzima, bila kupumzika.

Katika nchi kadhaa wako viziwi waliopata msaidizi wa kazi hiyo, naye ni mbwa. Makala haya yanaeleza jinsi mbwa huyo anavyofanya kazi, kisha yanauliza kama elimu hiyo ina mahali katika vijiji vilivyo kati ya mji wa Mtwara na mlango wa mto Ruvuma.

Tuanze na sikio lenyewe. Sauti ni mtetemo wa hewa. Mtetemo huo ukiingia sikioni hukitikisa kiwambo. Kiwambo huvitikisa vifupa vitatu, vilivyo vidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Navyo huusukuma umajimaji uliomo katika kijumba kilichojipinda mithili ya kombe la konokono. Humo zimejipanga seli kama 15,000 zenye vinyweleo, na kazi yake ni kuugeuza mtetemo kuwa umeme hafifu uendao ubongoni. Idadi hiyo ni ndogo sana kwa kazi kubwa namna hiyo. Tena, mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti upya. Ndege na samaki huziotesha nyingine. Sisi pamoja na wanyama wengine wanyonyeshao hatukujaliwa bahati hiyo.

Maadui wa seli hizo ni wengi, na wengi wao twawajua kwa majina: homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, na rubela impatayo mama mjamzito ikamwathiri mtoto aliye tumboni. Dawa nazo, kama streptomaisini na kwinini, huweza kudhuru sikio zikitumiwa kupita kipimo au bila uangalizi wa daktari. Chanjo ya pamoja ya surua na rubela ilianza kutolewa nchini mwaka 2014, nayo huyalinda masikio ya watoto wengi ambao wazazi wao hawatajua kamwe kwamba yaliponea chupuchupu. Katika pwani hii kuna adui mwingine, ambaye ni baruti. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu 1970, na eneo la Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma likafanywa Hifadhi ya Bahari mwaka 2000. Hata hivyo, watafiti waliopita baharini mwaka 2015 na vinasa sauti kutoka upande mmoja wa pwani ya Tanzania hadi mwingine walinasa milipuko zaidi ya 300, iliyo mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Wasomaji wamezoea kusikia hasara ya matumbawe na samaki. Ni mara chache kutajwa kwamba mshindo wa namna hiyo waweza kupasua kiwambo cha sikio, na kwamba mpiga mbizi aliye karibu hupata pigo kali kuliko aliye chomboni, kwa kuwa maji huupeleka mshindo mbali na kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, hali hewa huupeleka kwa mita 340 tu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Wachache wao watapata kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio, upasuaji ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Waliobaki huishi kwa macho na ngozi.

Ngozi ni kiungo kisichopewa heshima yake. Ncha ya kidole huhisi mitetemo hadi karibu 1,000 kwa sekunde, na huhisi vizuri zaidi ile iliyo kati ya 200 na 300. Walimu wa fizikia waweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa ule uma wa chuma utoao sauti moja. Mwanafunzi azibe masikio kwa pamba, kisha aguse kidogo shina la uma wa mitetemo 256, halafu wa 512, na wa juu zaidi kama upo. Atauhisi wa kwanza vizuri, na kila apandapo ataona mtetemo unafifia kidoleni. Ndiyo maana simu ya mkononi inayotetemeka mfukoni imekuwa mkombozi wa viziwi wengi. Lakini ngozi hupata habari pale tu panapokuwa na kitu cha kuileta. Sakafu ya mbao huleta kishindo cha mtu aingiaye. Sakafu ya udongo huleta kidogo. Na mchanga wa Msimbati hauleti kitu, kwani chembe zake husuguana na kuumeza mtetemo kabla haujafika mbali. Kwa hiyo, ushauri wanaopewa viziwi wa Ulaya, kwamba mtu akanyage sakafu kwa nguvu ili aitwe, haufai katika nyumba zetu nyingi.

Hapo ndipo aingiapo mbwa. Vitabu hupenda kusema kwamba mbwa husikia sauti nyembamba zinazofika mitetemo 45,000 kwa sekunde, hali binadamu hukomea 20,000. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu si hoja yenye uzito hapa. Kilio cha mtoto, hodi, sufuria inayofoka na jina la mtu likiitwa, zote ni sauti ambazo sikio la kawaida la binadamu huzimudu. Thamani ya mbwa iko penginepo. Kwanza, hata alalapo sikio lake li macho. Pili, huligeuza sikio upande wa sauti, kwa hiyo mwenye kumtazama hujua sauti ilikotoka. Tatu, na hili ndilo kubwa, mbwa ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 14,000, naye huutazama uso wa mtu na mkono wake kama afanyavyo mtoto. Alama ya mkono huielewa upesi, mara nyingi kuliko neno. Kiziwi na mbwa, kwa hakika, wana lugha moja kabla mafunzo hayajaanza.

Mafunzo yenyewe yamejengwa juu ya kanuni nyepesi: tendo linalofuatwa na malipo hurudiwa. Hatuhitaji kwenda ng'ambo kuiona kanuni hii ikifanya kazi. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa baruti zilizozikwa ardhini na, baadaye, vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya husikia mlio mdogo wa kidude, kisha hupewa ndizi. Baada ya muda huutafuta mlio kwa kuitenda kazi sawasawa. Panya hao walifanya kazi katika mashamba ya mabomu ya Msumbiji, nchi iliyo ng'ambo ya Ruvuma, hadi ilipotangazwa mwaka 2015 kwamba mabomu yote yaliyojulikana yameondolewa. Ikiwa panya afundishika, mbwa ashindwe na nini?

Mbwa wa viziwi walianza kufundishwa kwa utaratibu huko Minnesota, Marekani, katikati ya miaka ya 1970. Uingereza ilianzisha shirika lake mwaka 1982, na Japani ikatunga sheria mwaka 2002 inayowaruhusu mbwa wasaidizi, wa viziwi wakiwamo, kuingia mahali pa umma. Mbwa wa kazi hii habweki, kwani kubweka kwamfaa nini bwana wake? Asikiapo saa ya kuamshia humgusa kwa mguu au pua. Bwana huuliza kwa mkono, “Kuna nini?” na mbwa humwongoza hadi penye sauti. Lakini ikiwa ni king'ora cha moto hamwongozi huko. Humgusa, kisha hulala chini, na hiyo ndiyo alama ya hatari. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilipata kumwona bibi mmoja kiziwi katika gari moshi, pamoja na mbwa wake aliyevaa koti dogo la rangi ya damu ya mzee. Lililonishangaza si mbwa, bali koti: lilikuwa linawaambia abiria wote jambo ambalo kwa kawaida halionekani, kwamba bibi yule hasikii, kwa hiyo wakamgeukia na kusema naye taratibu. Uziwi ni ulemavu usio na fimbo.

Turudi kwetu. Kumfunza mbwa wa namna hiyo huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na gharama yake huhesabiwa kwa maelfu ya pauni. Sioni faida ya kuota ndoto ya kuagiza mbwa hao. Lakini katika vijiji vya uwanda wa Makonde na bonde la Ruvuma mbwa wako tayari. Wanafugwa kwa uwindaji na kwa kulinda mihogo na mpunga dhidi ya nguruwe na ngedere, na kandokando ya mto viboko hutoka usiku kulisha mashambani. Mkulima anayesikia hulala kibandani akaamshwa na mkoromo wa kiboko. Mkulima kiziwi aliye macho humtazama mbwa: masikio yakisimama na shingo ikielekea mtoni, habari imefika. Hiyo ni sayansi kamili, ingawa haijapewa cheti. Pungufu lake ni kwamba yafaa mchana au penye mbalamwezi tu. Gizani mbwa asiyefundishwa kugusa hana msaada, naye atabweka kwa bidii pembeni mwa mtu aliyelala usingizi mzito.

Pwani yenyewe ina suala lake. Wakazi wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Si haki kulipuuza jambo hili kana kwamba ni kikwazo cha ujinga. Sheria hiyohiyo humruhusu mbwa wa ulinzi na wa uwindaji, na mguso mkavu hauhamishi najisi. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimtengea nafasi mlangoni mbwa wa kijana asiyeona, baada ya wanazuoni kutoa rai. Kwa hiyo mbwa wa kiziwi wa Mikindani aweza kulala barazani na kufundishwa kugusa kwa mguu, si kwa pua. Au kuvuta kamba iliyofungwa kitandani.

Linalonitia hofu zaidi ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kuanzia 2010 wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, za Mtwara na Lindi zikiwamo, ziliingizwa katika mpango wa kuchanja mbwa kwa wingi, kwa kuwa 70 katika kila mbwa 100 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mtoto kiziwi yumo hatarini maradufu: hasikii mngurumo wa mbwa unaomwonya, na akishaumwa, ikiwa hakuna mtu nyumbani ajuaye lugha ya alama, hana namna ya kueleza kilichompata. Jeraha halina budi lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Lakini ni nani atakayeliosha jeraha asilojua limetokana na nini? Nchi yetu ina shule za viziwi tangu ile ya Tabora ya mwaka 1963 na ya Buguruni ya mwaka 1974, ila mtoto wa Msimbati aliyebaki nyumbani hana zaidi ya ishara chache alizobuni na mama yake. Ishara ya “mbwa ameniuma” yafaa iwe miongoni mwa za kwanza.

Kwa walimu na wanafunzi wenye jirani kiziwi anayefuga mbwa aliyechanjwa, kazi yaweza kuanzwa kwa vipande vya dagaa na subira. Mwanafunzi mmoja asimame nje aite hodi. Mwenye mbwa, akiwa ameketi ndani na dagaa mkononi, amlipe mbwa kila amjiapo na kumgusa; mwanzoni atahitaji kuvutwa kwa chakula. Zoezi liwe la dakika chache, mara mbili tatu kwa siku. Mbwa akishazoea, mwenyewe aende naye hadi mlangoni, na malipo yatolewe huko. Mwitaji abadilishwe, leo mtoto, kesho mzee, la sivyo mbwa atajifunza sauti ya mtu mmoja badala ya hodi. Sauti ya pili isianzishwe mpaka ya kwanza imekaa. Huko Ulaya mbwa hufundishwa kengele ya mlango. Kwa Msimbati hodi yatosha kwa mwezi wa kwanza, na kilio cha mtoto kifuate.