Klachi Inapoteleza: Msuguano, Joto na Usalama

Gari lililosheheni mizigo laondoka Kileo, katika tambarare za Wilaya ya Mwanga, kuelekea Usangi juu ya milima ya Upare. Tambarani halionyeshi dosari. Lianzapo kupanda, injini yavuma kwa kasi, lakini mwendo hauongezeki. Kisha yanukia harufu ya kuungua. Hizo ni dalili za klachi inayoteleza. Ikishindwa kabisa mlimani, injini haiwezi tena kulivuta gari wala kusaidia kulizuia literemkapo.

Klachi huunganisha injini na giaboksi. Sahani yenye kitambaa cha msuguano pande zote mbili hubanwa kati ya flaiwili, izungukayo pamoja na injini, na presha pleti yenye springi kali. Dereva akanyagapo pedeli, sahani huachwa huru; aiachiapo, hubanwa tena. Hakuna meno: nguvu yote hupitishwa na msuguano tu.

Momenti kubwa kabisa inayoweza kupitishwa hupatikana kwa kuzidisha idadi ya nyuso, kizigeu cha msuguano, kani ya springi na nusu kipenyo cha wastani. Tuseme nyuso ni 2, kizigeu ni 0.3, kani ni nyutoni 4,000 na nusu kipenyo ni mita 0.09. Jibu ni nyutoni-mita 216. Mafuta ya injini yakivuja na kushusha kizigeu hadi 0.1, zitabaki 72 tu. Huenda zikatosha tambarani, lakini si mlimani. Hapo injini ikizunguka mara 500 kwa dakika zaidi ya sahani, klachi huzalisha joto la kilowati 3.8 hivi, karibu sawa na pasi 4 za umeme za wati 1,000.

Kubadili klachi nyumbani kwawezekana, lakini hapana budi kuanza na usalama. Jeki huzama katika udongo laini; kwa hiyo hutafutwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu yaliyobaki chini huwekewa vigingi, na gari huegemezwa juu ya stendi imara. Asilale mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Betri hutenganishwa, propela shafti hufunguliwa, na giaboksi, iliyo nzito, huteremshwa na watu wawili. Bolti za presha pleti hulegezwa kidogo kidogo kwa mshazari, isije ikapinda. Kabla ya kufunga sahani mpya, chanzo cha mafuta yanayovuja hutafutwa na kuzibwa; vinginevyo sahani hiyo nayo itateleza. Sahani hupangwa katikati barabara, ama sivyo shafti ya giaboksi haitaingia.

Vumbi la klachi lisipulizwe. Vitambaa vingi vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa pumuani zaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Vumbi hilo hulowanishwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa, nacho hufungwa ndani ya mfuko na kutupwa.

Shuleni, jambo hili laweza kupimwa kwa kipande cha mti juu ya ubao. Ubao uinuliwe polepole mpaka kipande kianze kuteleza; tanjiti ya pembe hiyo ndiyo kizigeu cha msuguano. Kisha ubao upakwe mafuta na jaribio lirudiwe. Tofauti ya pembe hizo mbili itaeleza kwa nini gari zima tambarani lashindwa mlimani.