MULINZI AKIVUNJIWA MULANGO: SIRI ZAKO NDANI YA TELEFONE

Leo tuzungumze juu ya siri. Si siri ya serikali wala ya jeshi. Ni siri yako wewe: namba yako ya telefone, jina la kijiji ulikotoka, picha ya kadi yako ya uchaguzi, maneno uliyoandikia mama yako. Zamani vitu hivyo vilikaa katika sanduku chini ya kitanda. Siku hizi vinakaa katika masini za watu usiowajua, na watu hao wanalipa kampuni za usalama ili zivichunge. Basi mulinzi mwenyewe akivunjiwa mulango, ni nani anayeumia?

Usijibu haraka. Angalia kwanza yaliyotokea Uholanzi mwaka 2011.

Kulikuwa na kampuni iliyoitwa DigiNotar, katika muji wa Beverwijk. Kazi yake ilifanana na ya noteri. Unamujua noteri: ukiuza kiwanja, yeye anapiga muhuri ili kila mutu ajue kwamba karatasi ni ya kweli. Katika intaneti ni vile vile. Ukifungua sanduku lako la barua la Google, masini yako inauliza kwanza: huyu anayejibu ni Google kweli? Naye anaonyesha cheti chenye muhuri wa kampuni ya namna hiyo. Masini inaamini muhuri, wewe unaandika neno lako la siri, na mambo yanaendelea bila wewe kufahamu kwamba kuna noteri aliyepita katikati.

Wezi waliingia katika masini za DigiNotar, wakajitengenezea vyeti vya uongo zaidi ya 500. Kimoja kilibeba jina la Google, na kilitumiwa Irani. Wataalamu waliochunguza walihesabu anwani za intaneti karibu 300 000, karibu zote za inchi hiyo, zilizokutana na cheti kile. Fikiri mutu wa Teherani: anaandika barua yake, anaona alama zote za usalama, kumbe katikati amesimama mutu mwingine anayeweza kuisoma.

Na kampuni je? Mwezi wa saba ilijua kwamba imeingiliwa. Ilifuta vyeti ilivyoviona, ikanyamaza. Mwisho wa mwezi wa nane mutumiaji mumoja wa Irani aliona onyo kwenye masini yake, akauliza mbele ya watu, ndipo dunia ikajua. Wachunguzi walikuta neno la siri dhaifu, na masini zisizo na kinga ya virusi. Haya ni ya kampuni iliyouza usalama! Serikali ya Uholanzi, iliyotumia mihuri ile kwa kazi zake, ilichukua usimamizi, na tarehe 20 mwezi wa tisa kampuni ilitangazwa kuwa imefilisika. Kwangu mimi kosa kubwa si mulango kuvunjwa, maana mulango wowote unaweza kuvunjwa. Kosa ni kunyamaza, kwa sababu siku zile za ukimya watu waliendelea kuandika.

Kuna mufano mwingine, wa Milano katika Italia, na huu unatuleta karibu na Afrika. Kampuni ya Hacking Team iliuzia serikali programu ya kuingia kwa siri ndani ya telefone ya mutu, kusoma ujumbe wake na hata kusikiliza maneno anayosema chumbani. Mwaka 2014 watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba programu hiyo ilielekezwa kwa waandishi wa habari wa Etiopia waliofanya kazi nje ya inchi yao. Mwezi wa saba mwaka 2015 kampuni yenyewe iliibiwa: jigabaiti 400 za barua, hesabu na mikataba zikatupwa mbele ya dunia nzima. Humo zilionekana Sudani na Etiopia kati ya wateja.

Wengi walicheka, na naelewa kwa nini. Lakini fuata jambo hili mpaka mwisho. Kampuni ilikuwa imeficha ufa uliokuwa katika programu ya Flash, ambao ordinatere nyingi zilikuwa nayo wakati ule, ili wateja wake wapitie hapo. Siri hiyo ilipotoka, kwa siku chache tu wanyang'anyi wa kawaida walianza kuitumia. Anayeficha tundu katika ukuta wa kila mutu hawezi kuchagua ni nani atakayepita hapo kesho.

Utasema: haya ni mambo ya wazungu na matajiri. Ndugu yangu, sisi katika inchi hii tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini ikiangukia mikononi mwa watu wabaya. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Komite ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu ilitangaza kwamba masini zenye habari za watu zaidi ya 515 000 zimeshambuliwa. Walikuwa watu waliopotezana na jamaa zao kwa vita, kwa misiba ya asili au kwa kuhama, pamoja na wafungwa. Mama anayetafuta mutoto wake hana njia nyingine: lazima aseme jina na pahali. Hakufanya kosa lolote.

Kwa hiyo ninyi munaosikiliza wajane na walioteswa, munaopatanisha vijiji, kabla ya kuandika jina mujiulize kama alama peke yake haitoshi. Kabila la mutu, kama halihitajiwi, musiliandike. Orodha isiyoandikwa haiibiwi.

Na sheria inasema nini? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mutu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani na siri ya barua na mawasiliano yake. Haki hiyo inaweza kuguswa tu pale sheria inaporuhusu. Tena, tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna kitabu cha sheria za numeriki, chenye sehemu juu ya kulinda habari za mutu. Kwa hiyo muuzaji wa barabarani akitaka kupiga picha ya kadi yako kwa telefone yake mwenyewe, una ruhusa ya kumuuliza picha itakwenda wapi na ataifuta lini. Na shirika likikwambia kwamba ordinatere yake imeibiwa, usiondoke na pole peke yake. Uliza iliibiwa siku gani, majina gani yalikuwamo, na wenye majina wamekwisha kuambiwa au bado.

Maswali yenu tutayajibu katika kipindi kinachokuja. Mukituandikia, tafadhali musiweke majina ya majirani ndani ya barua.