Kalule au Ouma: nani angemshinda mwenzake?

Wapenzi wa ndondi wanaovukia Rusizi I wanaujua ubishi huu. Wenzetu wa Bukavu wakianza habari za Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, Oktoba 30, 1974, hawamalizi. Lakini sisi tuliosomea Uganda ukimbizini tuna ubishi wetu, tena mtamu zaidi, kwa sababu unahusu mabingwa wawili wa nchi moja, wote mashoto, wote wa uzito wa paundi 154, yaani chini kidogo ya kilo 70. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa WBA kuanzia 1979 hadi 1981. Kassim Ouma alishika mkanda wa IBF kuanzia 2004 hadi 2005. Kati yao kuna robo karne.

Hivi karibuni, tukiwa kwenye foleni, kijana mmoja mwenye mzigo wa vitenge aliniambia, mwalimu, Kalule alipigwa na Sugar Ray Leonard, basi yamekwisha. Nilimjibu kuwa si haki kumpima bondia kwa usiku mmoja, hasa usiku ule.

Tumtazame Kalule vizuri. Katika mwaka 1974 peke yake alichukua dhahabu mbili: ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, na ya mashindano ya kwanza ya dunia ya ndondi za ridhaa mjini Havana. Mtu hachukui dhahabu Havana, nyumbani kwa Wacuba, kwa kubahatisha. Mwaka 1976 alianza ngumi za kulipwa akiwa Denmark. Oktoba 24, 1979 alimfuata bingwa Masashi Kudo kwao Japan, mjini Akita, akamshinda kwa pointi baada ya raundi 15. Mkanda huo aliutetea mara nne, zote huko huko Denmark.

Hakuwa mtu wa madoido. Mkono wa kulia, ambao kwa shoto ndio wa mbele, aliutumia kumpimia mpinzani na kumrudisha nyuma, kisha kushoto kukafuata kwa uzito. Alisonga mbele taratibu, kidevu chini, bila kupoteza ngumi. Alipoingia ulingoni Houston, Juni 25, 1981, alikuwa na ushindi 36 na hakuwa amepoteza hata pambano moja. Leonard alipata taabu kumweka mbali. Mwisho wa raundi ya tisa Kalule aliangushwa, akainuka, mwamuzi akasimamisha pambano. Leonard akapiga sarakasi ulingoni. Mtu harushi miguu hewani kwa furaha namna ile baada ya kazi nyepesi.

Ouma alifundishwa na shule nyingine kabisa. Alichukuliwa akiwa mtoto mdogo akafanywa askari wa NRA, na ndondi alizipata jeshini. Mwaka 1998 alisafiri Marekani na timu ya jeshi, hakurudi. Desemba 2002 alipigwa risasi huko Florida. Mwaka uliofuata alikuwa ulingoni tena. Oktoba 2, 2004, Las Vegas, alimshinda Verno Phillips kwa pointi akawa bingwa wa dunia.

Silaha yake ilikuwa wingi. Anayetaka kumwelewa awatazame akina mama wetu wa mpakani: hawana lori, wanavuka na mzigo mdogo, wanarudi, wanavuka tena, na jioni mzigo wote uko ng'ambo. Ouma alipiga hivyo. Kuna mapambano ambayo alirusha ngumi zaidi ya elfu moja, ndogo ndogo, mbavuni, mikononi, kichwani, mpaka mwenzake akakosa nafasi ya kufikiri. Kasoro yake ni kwamba hakuwa na ngumi moja ya kumaliza kazi, na alipoingia kupiga aliacha kichwa wazi. Julai 14, 2005, Roman Karmazin aliiona nafasi hiyo, akamwangusha mara mbili katika raundi ya tatu, na mkanda ukaondoka. Ila moyo alikuwa nao: Desemba 2006 alipanda uzito kumkabili Jermain Taylor, mtu mkubwa kuliko yeye, akapoteza kwa pointi lakini akamaliza raundi zote 12.

Sasa hapo kwenye raundi ndipo penye hesabu. Enzi za Kalule pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15, bondia alipimwa uzito siku ile ile ya pambano, na mikanda mikubwa ilikuwa miwili tu, WBA na WBC. Enzi za Ouma raundi ni 12, kupima ni siku moja kabla, na mikanda ni minne. Ubingwa wa Kalule ulikuwa mgumu zaidi kuupata. Hilo silisemi kwa kumdharau Ouma, maana yeye hakuchagua enzi.

Mashoto wawili wakikutana, ushoto haumsaidii yeyote. Kila mmoja anamwona mwenzake kama anavyojiona kwenye kioo. Kinachobaki ni mkono wa mbele, na wa Kalule ulikuwa bora. Raundi nne za kwanza ningempa Ouma, kwa wingi wa ngumi. Kuanzia ya tano Kalule angeanza kumkuta anapoingia, kama alivyofanya Karmazin.

Jambo moja wanalolingana: hakuna aliyetetea mkanda wake wa dunia nyumbani. Filamu ya mwaka 2008, Kassim the Dream, inaonyesha jinsi Ouma alivyoruhusiwa kurudi Uganda, akalifikia kaburi la baba yake. Wengi tunaovuka hapa tunaijua safari ya namna hiyo, ya kurudi na kuonyeshwa kaburi.

Kijana wa vitenge bado ananipinga. Anasema kwa raundi 12 Ouma angeshinda, na hapo kidogo ananitikisa. Kwa raundi 15 sisiti: Kalule, kwa pointi.