Chama, Ushuru na Mshahara: Utangulizi wa Siasa za Kazi

Siasa za kazi ni somo ambalo wengi huliogopa bure kwa sababu ya msamiati wake. Ikiwa umewahi kupita eneo la viwanda la Thika alfajiri, au kushuka Ruiru zamu zikipishana, umekwisha kuliona. Linachunguza jambo moja: mali inayotokana na kazi hugawanywaje, na ni nani mwenye usemi katika mgao huo?

Tuanze na karatasi ya mshahara ya mfanyakazi wa kiwandani. Juu kuna mshahara wa msingi, marupurupu ya nyumba na malipo ya saa za ziada. Chini kuna makato: kodi, NSSF ya akiba ya uzeeni, SHA ya bima ya afya. Kisha huenda ukaona mstari mdogo wa makato ya chama. Mstari huo ndio mlango wetu. Chama cha wafanyakazi ni umoja wa waajiriwa wanaojadiliana na mwajiri kwa sauti moja. Mmoja akikataa masharti, nje ya lango kuna vibarua wanaosubiri nafasi yake. Mia nne wakikataa pamoja, mashine zinasimama. Nguvu yote ya chama imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Nchini Kenya nguvu hiyo inalindwa na Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaeleza utaratibu: chama kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, mwajiri hana budi kukitambua. Hapo hujadiliwa mkataba wa makubaliano ya pamoja, ambao viwandani huitwa CBA, nao husajiliwa mahakamani. Usiuchanganye na mshahara wa chini. Huo hutangazwa na serikali, na mwajiri haruhusiwi kulipa pungufu yake. CBA hudai zaidi ya hapo.

Je, asiyejiunga na chama naye hufaidika na CBA? Ndiyo, na kwa hiyo sheria yetu inaruhusu akatwe ada ya uwakala, yaani mchango wa asiye mwanachama kwa huduma anayoipata. Wamarekani wamegombania suala hilohilo kwa miongo mingi. Mwaka 2018 Mahakama yao ya Juu ilipiga marufuku ada hiyo kwa watumishi wa umma, na vyama vikapoteza chanzo muhimu cha fedha. Utaona kwamba kifungu kinachoonekana kidogo huweza kubeba siasa nzima.

Sasa twende hatua ya pili, kutoka chama hadi ushuru. Biashara huru ni mpango ambao nchi hupunguza au huondoa ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa zikivuka mpaka. Thika inazijua pande zake zote mbili. Soko la Kenya lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ilimiminika na viwanda vya nguo vikaporomoka, Kenya Textile Mills ya Thika ikiwa miongoni mwavyo. Mnunuzi alipata shati la bei nafuu. Mfumaji alipoteza kazi. Mara nyingi walikuwa watu wa nyumba moja.

Kisha mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia huko bila ushuru. Viwanda vya kushona vikaongezeka katika maeneo ya EPZ, yaani maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, ambako mwekezaji husamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Ruiru leo ina jamaa wa mpango huo: eneo maalumu la kiuchumi la Tatu City, ambalo kampuni zake hutozwa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza.

Wamarekani wenyewe waliitazamaje AGOA? Vyama vyao vilikuwa na kidonda tangu mkataba wa biashara huru wa NAFTA wa 1994, vilipoona viwanda vikihamia Mexico. Miaka ya 1950 karibu theluthi ya waajiriwa wa huko walikuwa katika vyama. Leo ni kama mmoja kati ya kumi. Shirikisho lao, AFL-CIO, liliipinga AGOA. Ndilo lilelile lililompa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, dola 35,000 za kujenga makao ya vyama jijini Nairobi, baada ya ziara yake ya 1956. Usikimbilie kuuita unafiki. Mshonaji wa Carolina na mshonaji wa Kenya wanashirikiana wakidai haki ya kuungana. Wanashindana wakigombea oda moja.

Pengine utauliza: kazi zikihama kutoka huko kuja huku, mbona mshonaji wetu hatajiriki? Hapa ndipo kiini cha somo. Mtaji unaweza kuhama, mfanyakazi hawezi. Ukomo wa nguo ambazo nchi kama China ziliruhusiwa kuuza nje ulipoondolewa mwaka 2005, Kenya ilipoteza ajira za ushonaji. Mwenye kiwanda anayeweza kuhama huingia katika majadiliano akiwa na turufu. Hivyo pengo la mapato, yaani tofauti kati ya wapatao kingi na wapatao kidogo, huweza kupanuka hata biashara inapokua. Hata hivyo si majaliwa: mwanzoni mwa 2003 wafanyakazi wa EPZ waligoma kwa wingi, na malango yaliyokuwa yamefungiwa vyama yakaanza kufunguka.

Ukiendelea na somo hili, usianze na nadharia. Tafuta CBA ya kiwanda kimoja, kisha kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, kinachoeleza ni lini kibarua huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kila unaposikia biashara huru ikisifiwa au kulaaniwa, uliza: ni nani anaweza kuhama, na wasioweza wamejipanga vipi? Maswali hayo yatakufaa Thika, na yatakufaa Michigan kule Marekani.