Pareto: Ua Lenye Jina la Moto

Sisi watu wa pwani tumeyazoea maua kwa harufu. Asumini hutungwa, kilua hufungwa pamoja na mrehani katika kikuba, langilangi huwekwa baina ya nguo. Na ua lisilonukia, hata likiwa zuri wa kutazamwa, hubakia uani na kuku. Kwa hivyo si ajabu kwamba wengi wetu hatulijui kwa sura ua ambalo jina lake hutajwa kila magharibi mbu waanzapo kuingia nyumbani. Nalo ni pareto. Wiki hii, kwa idhini yenu akina mama, tunapanda nanyi hadi milima ya Kisii na Nyamira tukalitazame, na tuwatazame pia wanaolichuma.

Kwa umbo, mtu angedhani limepandwa kwa pambo: petali nyeupe zimezunguka moyo wa manjano juu ya kikonyo chembamba. Wala asingekosea sana. Lina ndugu yake mwenye petali nyekundu na za rangi ya waridi, ambaye asili yake ni milima ya Kaukazi na nchi ya Uajemi, naye hupandwa katika bustani za Ulaya kwa uzuri wake tu, na huitwa kwa jina hilohilo.

Jina lenyewe limesafiri safari ndefu. Wayunani walilitoa katika neno lao la moto, lakini hawakulikusudia ua hili. Walikusudia mmea mwingine, ambao mzizi wake ukitafunwa huuchoma ulimi na kujaza mate kinywani. Matabibu wa Kiarabu wakauita mzizi huo aakirkarha, na Ibn Sina aliueleza katika kitabu chake cha Al-Qanun kuwa hufaa kwa maumivu ya meno. Karne nyingi baadaye wataalamu wa mimea wa Ulaya walilihamisha jina la Kiyunani na kuwatwika maua haya, na ndimi zetu za Afrika Mashariki zikalilainisha likawa pareto. (Yule Pareto wa vitabu vya uchumi ni Muitalia, wala hahusiki.)

Hata hivyo moto haukukosa mahali pa kukaa. Ndani ya kichwa cha ua, hasa kwenye vijimbegu vyake, mna sumu iitwayo pairethrini. Hiyo huishika mishipa ya fahamu ya mdudu, akaanguka papo hapo. Kwa binadamu madhara yake ni madogo, na jua huivunja upesi. Lakini kwa samaki na nyuki ni hatari kubwa.

Aliyeliingiza ua hili katika vyumba vya kulala ni Mjapani, Eiichiro Ueyama. Miaka ya 1880 alipata mbegu zake kwa mfanyabiashara wa Kimarekani, na mwaka 1890 akatengeneza kijiti cha kufukiza mfano wa udi. Kijiti hicho kiliungua kikaisha kabla ya saa moja, mwenye nyumba hajapata hata usingizi. Inasimuliwa kwamba ni mkewe, Yuki, aliyemshauri akisokote kwa duara kama nyoka aliyejikunja, ili kiwake usiku kucha. Koili hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1902. Anayetajwa kuwa mvumbuzi ni mume.

Hapa tunawaomba akina mama mtusikilize kidogo. Koili nyingi za leo hazina ua ndani yake. Zimetiwa dawa za maabara zilizoigizwa kutoka pareto, kama alethrini, na jamaa yake permethrini imetumika sana katika vyandarua. Chandarua hakina moshi, basi mtoto na alale ndani yake kwa amani. Ama koili, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba moja ikiungua yote hutoa vumbi laini la kuingia mapafuni sawa na la sigara 75 hadi 137. Kuiwasha katika chumba kilichofungwa chenye mtoto mchanga si jambo la busara, hata muuzaji akiapa kuwa ni pareto tupu.

Turudi kwenye ua halisi. Pareto hutaka baridi ndipo lichanue. Huku kwetu lingetoa majani tu. Lilifika Kenya miaka ya 1920 katika mashamba ya walowezi, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoikata biashara ya Japani, Kenya ikashika nafasi ya mbele. Wakulima wadogo wa Gusii waliingia katika kilimo hicho miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya pareto ya dunia ilitoka Kenya.

Yote huchumwa kwa mkono, kichwa kimoja kimoja, kila baada ya wiki mbili hivi, kisha huanikwa mikekani. Na Gusii ni nchi ya mvua, kwa hiyo macho ya mwanikaji hayaondoki mbinguni. Kilo moja ya maua makavu hutaka kama kilo nne mbichi. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake, wakisaidiwa na watoto. Kiswahili kimetoa neno moja, kuchuma, kwa ua na kwa mali. Na aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imethibitisha kwamba wanawake wana fungu lao katika wanachokichuma. Lakini daftari la ushirika mara nyingi liliandikwa jina la mume, kwa kuwa shamba ni lake, na malipo yakafuata daftari.

Kisha malipo yenyewe yakakatika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, bodi ya pareto iliyokuwa Nakuru iliwachelewesha wakulima kwa miezi, halafu kwa miaka. Katika sharia yetu ujira usiolipwa ni deni shingoni, wala kupita kwa miaka hakulifuti. Watu waliing'oa mimea wakapanda mahindi na chai, na katika miaka ya 2010 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 1,000 kwa mwaka. Kisiwa cha Tasmania, huko Australia, kikachukua nafasi yetu.

Sheria ya mwaka 2013 iliwafungulia mlango wanunuzi binafsi, na miche imeanza kugawiwa tena katika nyanda za juu. Wako miongoni mwenu wenye mabinti walioolewa huko na ndugu wenye maduka Kisii na Keroka. Mkiwapigia simu, waulizeni: safari hii daftari limeandikwa jina la nani?