Hatari Iliyowekwa Mkiani

Mwezi Agosti 1978, memo fupi ilitoka idara moja kwenda nyingine ndani ya Babcock & Wilcox, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza vinu vya nyuklia. Kama ingeandikwa katika ofisi ya Tanzania, mstari wake wa "Yah:" ungesema takriban hivi: waendesha mitambo kukatiza usukumaji wa maji kwa mgandamizo mkubwa. Mwandishi alianza kwa kurejea memo mbili za nyuma zilizopendekeza utaratibu wa pampu za dharura ubadilishwe. Kisha akaeleza shaka ya idara yake, kwamba pampu zikiachwa zifanye kazi huenda mfumo ukajaa maji kupita kiasi, akaongeza na maswali ya kitaalamu. Karibu na mwisho ndipo msomaji aliyefika huko alipoambiwa kwamba, utaratibu uliopo ukiendelea, kiini cha kinu kingeweza kubaki wazi, hakijafunikwa na maji.

Kiini kisichofunikwa na maji huyeyuka.

Mpokeaji aliichukulia kama karatasi ya kila siku, akampa mtu wa chini yake aifuatilie. Agosti ikapita, mwaka ukaisha, na vituo vilivyonunua vinu hivyo havikupata maelekezo mapya.

Tarehe 28 Machi 1979, mnamo saa 10 alfajiri, pampu za maji zilisimama katika kimojawapo cha vituo hivyo, Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Kinu kilijizima chenyewe kama kilivyosanifiwa. Vali ya kupunguza mgandamizo ikafunguka, tena inavyopaswa, lakini haikujifunga. Katika chumba cha uendeshaji taa ya vali hiyo ilizimika, na wafanyakazi wakaamini imefungwa. Kumbe taa ilionyesha tu kwamba umeme wa kuifungua umekatwa, wala haikuonyesha vali yenyewe imekaaje. Maji yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili. Kipimo kimoja kilionyesha maji ni mengi, hivyo waendesha mitambo wakapunguza yale ya pampu za dharura, kosa lile lile lililoogopwa kwenye memo. Karibu nusu ya kiini iliyeyuka.

Kinachouma zaidi ni kwamba elimu ilikuwepo. Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse, Ohio, vali ya namna hiyo ilikwama wazi, na waendesha mitambo wakazima pampu mapema. Kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa asilimia 9 tu ya uwezo wake, kwa hiyo hakikudhurika. Mhandisi Joseph Kelly wa kampuni iliyotengeneza vinu hivyo alirudi kutoka huko akaandika memo Novemba hiyo. Mwenzake Bert Dunn akaandika yake Februari 1978, kali zaidi. Tume ya Rais iliyoongozwa na John Kemeny ilipochunguza ajali, karatasi hizo zilikuwa miongoni mwa ushahidi.

Si haki kuitupia memo moja mzigo wote: taa ilidanganya, mafunzo yalikuwa na kasoro, na kengele zaidi ya mia zililia kwa pamoja. Hata hivyo, mpangilio wa ile memo unafundisha. Mwandishi alifuata njia ya mawazo yake mwenyewe, kuanzia historia, kupitia shaka na maswali, hadi hatari. Meneja mwenye rundo la karatasi mezani anahitaji njia ya kinyume. Anataka kujua kuna hatari gani, anatakiwa kufanya nini na kabla ya lini. Asipoyaona hayo juu, huiweka karatasi kwenye fungu la zitakazosubiri, na hapo wala si uvivu.

Saikolojia inaeleza sehemu ya sababu. Mwaka 1972, John Bransford na Marcia Johnson waliwasikilizisha watu kifungu kilichoeleza kazi ya kufua nguo bila kutaja nguo wala sabuni. Waliotajiwa mada kabla ya kusikiliza walielewa na kukumbuka mengi. Waliotajiwa baadaye hawakufaidika nayo. Ubongo huhitaji pa kuyapachika maneno wakati yanapoingia, na yaliyokosa mahali hupotea hata kama sentensi zenyewe ni nyepesi. Kwa hiyo hatari iliyotajwa mwishoni haiwezi kuzipa uzito aya ambazo msomaji ameshazipita. (Barua za ofisini zinazoanza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu" humrudisha msomaji mahali alipotoka kusoma, na sentensi ya kwanza, yenye thamani kuliko zote, inakwisha bure.)

Kwa mhandisi, gharama ni kinu. Kwa watu wengi, maandishi ya kitaalamu yaliyo karibu nao ni yale ya kwenye bahasha ya dawa. Mwaka 2006, Terry Davis na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 395 katika miji mitatu ya Marekani. Miongoni mwa waliokuwa na uwezo mdogo wa kusoma, takriban asilimia 71 walieleza sawasawa agizo la kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Walipotakiwa kuonyesha idadi ya vidonge vya siku nzima, waliopatia walikuwa asilimia 35 hivi. Kumuuliza mgonjwa "umeelewa?" kunaleta jibu la "ndiyo" na si zaidi. Kumwambia ahesabu vidonge mbele ya mfamasia kunaonyesha ukweli.

Tafiti zilizofuata ziliunga mkono maagizo yanayotaja idadi na wakati: viwili asubuhi, viwili jioni. Afrika Mashariki, ambako bado huandikwa "2×3" kwa kalamu, marekebisho hayo yanawezekana leo kwa kalamu ile ile, ila saa zinahitaji uangalifu. Kwa msemaji wa Kiswahili, "saa 8" ni mchana baada ya chakula, ilhali simu yake huandika 8:00 ikimaanisha saa 2. Bahasha yenye "saa 2 asubuhi, vidonge 2, saa 2 usiku, vidonge 2" inachukua mstari mmoja zaidi.