Chembe Sahani Zikipungua, Usiusingizie Uboho Kwanza

Katika majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu kuna mstari unaowatia watu hofu kuliko mingine: idadi ya chembe sahani, zile zinazoziba mshipa uliokatika. Kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka, ndugu wa mgonjwa huuliza mara moja kama uboho umeharibika. Mara nyingi uboho ni mzima kabisa.

Uboho mwekundu wa mtu mzima, hasa ule wa nyonga, kidari, mbavu na pingili za mgongo, una seli shina zinazoweza kuzaa kila aina ya seli ya damu. Baadhi ya vizazi vyake hushika njia ya kuwa megakariosaiti, na hapo utaratibu wa kawaida hugeuka. Seli nyingine hunakili vinasaba kisha hugawanyika. Hii hunakili, haigawanyiki, hunakili tena. Badala ya seti mbili za kromosomu hufikisha 16, pengine 32 au 64, zote ndani ya kiini kimoja kilichojaa mikunjo. Seli huvimba hadi mikromita 50 au 100, ilhali chembe nyekundu ya damu haizidi 8. Ni chache mno ubohoni, lakini mtu wa maabara aliyeinamia hadubini hazimpiti.

Ukubwa huo una kazi. Nakala nyingi za vinasaba huiwezesha seli kutengeneza protini nyingi, na utandu mwingi hulimbikizwa ndani ukiwa umekunjwa. Ikikomaa, hujibanza kwenye ukuta wa mshipa mwembamba upitao ubohoni, hupenyeza mikono mirefu ndani yake, na mkondo wa damu huikata mikono hiyo vipande. Vipande hivyo ndivyo chembe sahani: upana wa mikromita 2 au 3, bila kiini. Megakariosaiti moja hutoa maelfu, na mwili mzima hutoa takriban bilioni 100 kwa siku. Kiini kinachobaki humezwa na seli za kusafisha taka.

James Homer Wright wa Boston alieleza asili hii ya chembe sahani mwaka 1906, baada ya rangi aliyoibuni mwenyewe kumwonyesha chembechembe zilezile ndani ya megakariosaiti na ndani ya chembe sahani. Mwaka 2017 watafiti wa San Francisco walizikuta megakariosaiti zikimwaga chembe sahani ndani ya mapafu ya panya, kwa hiyo hata mfupa hauna tena hakimiliki.

Kukosa kiini kuna gharama. Aspirini huzima kimeng'enya kimoja cha chembe sahani, na chembe hiyo haina kiini chenye vinasaba vya kutengenezea kingine. Itabaki hivyo hadi ife, siku 7 hadi 10 tangu kuzaliwa kwake. Ndiyo maana daktari wa upasuaji huulizia aspirini mapema.

Nani huuambia uboho uongeze kasi? Ini hutoa homoni ya trombopoietini karibu kwa kiwango kilekile, na chembe sahani zenyewe huinasa na kuimeza. Zikiwa nyingi, homoni huishia njiani. Zikipungua, homoni hubaki na kuufikia uboho. Sijui kipimo cha binadamu kilicho rahisi kuliko hicho.

Basi hesabu ya chini inaweza kutokana na matumizi au kuzuiliwa kwa chembe, si uzalishaji. Malaria na dengi huzimaliza chembe sahani haraka. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo: mayai yake hutia makovu ndani ya ini, damu hukwama, na bandama huvimba. Hata kwa mtu mzima wa afya, theluthi moja ya chembe sahani hukaa bandamani. Ikivimba huzuia nyingi zaidi. Uboho wa mgonjwa huyo unaweza kuwa umejaa megakariosaiti zinazofanya kazi usiku na mchana.

Na kuna kisa kingine ambacho si ugonjwa hata kidogo. Kwa baadhi ya watu, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa ya sampuli huzifanya chembe sahani zigandamane, na mashine ikazihesabu pungufu. Kabla ya kuzungumzia uboho, damu ipakwe kwenye kioo itazamwe kwa macho, au itolewe nyingine kwa chupa yenye dawa tofauti.